Pambano gani la mieleka liliwahi kukuvunja moyo? Mimi mbwa walinifanya nirudishe viingilio

MzeeWaDeki (Tanga)

Wakuu, salaam.

Jana jioni nimebishana na mpwa wangu mpaka chai ikapoa. Yeye mieleka anaangalia kwenye simu, kila kitu kiko kiganjani. Anadai katika mapambano yote ya mbwembwe, yale ya kuongezewa vizimba, miti, moto na vikorokoro, hakuna lililoharibika kama lile la ulingo uliotakiwa kulipuka mwaka 2021. Nikamwambia mwanangu, wewe hujaona watu wazima wamesimama juu ya mabenchi wanadai hela zao kwa ajili ya mbwa. Naomba mtuamulie, ila kwanza mnisikilize.

Kuanzia 1996 hadi 2008 nilikuwa na banda la video Ngamiani. Kuta za mabati mbele na ubavuni, nyuma nimeziba kwa turubai kwa sababu mabati yaliniishia. Televisheni ya inchi 21, deki moja, mabenchi tisa. Mchana picha za Kihindi, jioni za kareti, Jumamosi usiku mieleka. Jumamosi ndiyo iliyonilipia kodi.

Mkanda ulioniingizia kuliko yote ulikuwa wa Juni 1998, kule Pittsburgh, Undertaker alipomtupa Mankind kutoka juu ya kizimba cha Hell in a Cell, futi 16 hivi, akatua juu ya meza ya watangazaji. Nimeurudisha nyuma mara ngapi sijui. Mwishowe mistari ikawa inapita pale pale anapoanguka, ukitaka kumwona vizuri lazima uwe ulishamwona jana.

Sasa mwanzoni mwa 2000 jamaa yangu baharia akaniletea mkanda wa onyesho la Unforgiven, lile la tarehe 26 Septemba 1999, Charlotte, North Carolina. Akaniambia humo kuna kizimba kile kile cha Mankind, ndani yake kuna kizimba kingine kidogo cha buluu kimezunguka ulingo, na kwenye uchochoro kati ya vizimba viwili wamewekwa mbwa. Rottweiler. Al Snow na Big Boss Man wanagombea ubingwa wa Hardcore, na mshindi ni atakayetangulia kutoka nje ya vizimba vyote viwili. Maana yake lazima apite kwa mbwa. Wenyewe wakaliita Kennel from Hell, banda la mbwa la jehanamu.

Na kisa chake kilikuwa kizuri, tusiwanyime haki. Boss Man alimwibia Al Snow kijibwa chake, Pepper, halafu akamkaribisha mezani, akamlisha nyama, jamaa anatafuna huku anaambiwa unamla mbwa wako. Kwa hiyo mbwa kwenye kizimba ilikuwa ni kulipizana kwa kipimo kile kile.

Mimi sikuuangalia kwanza. Hapo ndipo kosa langu lilipo, na nalikubali. Nilichukua chaki nikaandika ubaoni:

LEO USIKU. VIZIMBA VIWILI. MBWA WALA WATU. MWENYE MOYO MDOGO ASIJE.

Kiingilio nikakipandisha kutoka shilingi 50 hadi 100. Saa mbili usiku banda limejaa, wengine wamekaa chini mbele ya mabenchi, joto la mabati unalijua. Nikaupachika. Kumbe ni mkanda wa Kimarekani, mfumo wa NTSC, televisheni yangu ya PAL, picha ikatoka nyeusi na nyeupe. Watu wakavumilia. Rottweiler ni mweusi hata hivyo.

Mbwa wakaingizwa na walezi wao, kila mmoja na kamba yake. Banda kimya. Hata muuza kahawa aliyekuwa anagonga vikombe nje akanyamaza, akachungulia mlangoni.

Basi. Mbwa mmoja akambwekea mtu aliyemleta. Mwingine akachuchumaa akamaliza haja yake pale pale chini ya ulingo. Wawili wakaanza kupandana. Nasema mbele ya umati wote ule na kamera, wanapandana. Boss Man na Snow huko ndani wanapigana kwelikweli, wanatoka jasho, na hakuna anayewaangalia, si Charlotte, si Ngamiani. Watu walicheka, wakacheka tena, halafu kicheko kikageuka. Nyuma kabisa mtu akapiga kelele, "Mbwa wa kwetu Mabawa wakali kuliko hawa!" Snow akatoka, akashinda, mbwa hata shingo hawakugeuza.

Wakasimama juu ya mabenchi. Ubao wangu waliuingiza ndani wakaniwekea mbele ya televisheni: mzee, soma mwenyewe. Nikarudisha hela.

Nilikata tiketi 58, yaani shilingi 5,800. Niliyorudisha ni 6,100. Mia tatu za ziada nilizitoa kwenye hela ya mafuta ya jenereta, na mpaka leo sijui hesabu ilipotelea wapi. Ni vurugu tu, nadhani.

Haya. Mpwa wangu asema ulipuko wa 2021. Mimi nasema mbwa. Nani ana kibovu kuliko hicho? Lakini mtu aeleze kwa nini kilikuwa kibovu, asinitajie jina tu akaondoka.

---

BintiWaLikoni (Mombasa)

Shikamoo mzee. Nimecheka hadi mamangu kaniuliza nina nini.

Mimi langu ni kizimba cha mianzi, Punjabi Prison. Kakangu alikuwa shabiki wa The Great Khali, na nyumba nzima tulilazimishwa tumpende. Sasa pambano la kwanza, Julai 2006, Indianapolis, lilitengenezwa kwa ajili ya Khali apigane na Undertaker. Siku ikafika, Khali hayumo. Vipimo vya ini havikuwa vizuri, wakamweka Big Show badala yake. Yaani mwenye gereza hayumo gerezani! Kimejengwa kizimba cha Kipunjabi kwa ajili ya Mpunjabi, anapigana mtu wa South Carolina na mtu wa Texas.

Na chenyewe kilivyo, sijui nani alikaa akakifikiria. Ni ngome mbili. Ya ndani ina pande nne, ya nje ina pande nane. Ya ndani ina milango minne, kila mlango unafunguliwa mara moja tu kwa sekunde 60, ukifungwa ndio basi. Milango yote ikifungwa unapanda juu. Kwa hesabu tu ni kitu kizuri, mimi napenda mchezo wenye kanuni. Lakini mzee, MIANZI. Mianzi imesimamishwa, mingine imelazwa, imefungwa kamba, ngome mbili moja nyuma ya nyingine. Hebu weka chekeche mbili mbele ya macho yako halafu uniambie unaona nini. Sisi tulikuwa kwa televisheni, kamera zinaingia ndani, na bado tukawa twaona mkono, kisha mwanzi, kisha mguu. Aliyekata tiketi akaketi juu kule ukumbini alikuwa anatazama duka la fanicha.

La 2007 kakangu alipata raha kidogo, kwa sababu Khali mwenyewe aliingia, na Batista akaruka kutoka ngome ya ndani akashika ile ya nje kama tumbili, akateremka akashinda. Hilo nalikubali lilikuwa zuri, ila ni la sekunde chache, na kabla yake umekaa unahesabu mianzi.

Halafu baada ya miaka kumi, 2017, wakarudia! Jinder Mahal na Randy Orton. Orton yuko juu ya ngome ya nje, karibu atoroke, Khali akatokea, mzee kidogo sasa, akapanda polepole akamshika koo kupitia mianzi. Kakangu alisimama akapiga makofi peke yake. Ana watoto watatu.

---

Kisiki255

Nyie wazee mnajua kwamba ni maigizo? Wamepanga nani anashinda. Mnajadili nini sasa.

---

MzeeWaDeki

Kisiki, mwanangu, pambano lilikuwa maigizo. Kiingilio hakikuwa maigizo.

Na tena usinifundishe. Mimi nimekaa na mieleka miaka kumi na mbili bandani, nilijua imepangwa kabla hujazaliwa. Taarabu nayo imetungwa, mbona watu wanatunza? Hatukasirikii kupangwa. Tunakasirikia kupangwa vibaya.

Binti wa Likoni, marahaba mwanangu. Hilo la chekeche mbili nimelipenda. Na mimi niliuonyesha ule wa 2006, kwa diski sasa, siyo deki tena. Wateja hawakugombana, walilala. Mteja aliyelala harudishiwi hela, kwa hiyo kwangu mimi mbwa bado wanaongoza.

---

FundiMkondo (Morogoro)

Wakuu, mimi ni fundi umeme na nina kinyongo cha muda mrefu, leo nakitoa.

Aprili 2007, kampuni ya mieleka ya TNA ilifanya onyesho la Lockdown kule St. Charles, Missouri. Timu mbili, Team 3D na LAX, ndani ya kizimba cha chuma cha pande sita. Tangazo: kizimba kimetiwa umeme. Ukigusa unarushwa. Mimi wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa ufundi, nikasema hili ndilo pambano langu.

Mtu anagusa kizimba. Taa za ukumbi zinafifia, zinawaka, zinafifia. Mlio wa bzzzz kwenye spika. Jamaa anatetemeka kama anacheza singeli. Anaachia, anaendelea kupigana.

Tufanye hesabu. Chukueni umeme wa nyumbani wa Marekani, volti 120. Mwili wa mtu tuuwekee ukinzani wa ohm 1,000, mwenye jasho anaweza kuwa chini ya hapo. Inakuja ampea 0.12. Zidisha kwa volti: wati 14 na kitu. Wati 14 ni chini ya balbu ya chooni! Mwanamieleka mzima na kilo zake, kwa gridi ni balbu ndogo. Haiwezekani taa za ukumbi mzima zikafifia kwa sababu balbu moja ndogo imewashwa. Ukiona ukumbi unafifia hivyo, kuna kitu kimeunguza nyaya, na swichi kuu ilitakiwa kukata zamani.

Na ampea hiyo hiyo 0.12 ikipita kifuani inatosha kuvuruga mapigo ya moyo. Mtu huyo hatetemeki akanyanyuka akapiga teke. Kwa hiyo walikosea huku na kule: taa wamezifanya zione umeme mwingi mno, na mtu wamemfanya auone mdogo mno.

Kilichonimaliza zaidi ni glavu. Mmoja wa LAX akavaa glavu za mpira ili apande kizimba. Mikono ina mpira, sawa. Na tumbo je? Mapaja? Kule kwetu kazini ukija na glavu peke yake, msimamizi anakurudisha nyumbani.

Mashabiki wa pale ukumbini wala hawakuhitaji fundi. Waliimba kwamba Russo afukuzwe, yule mwandishi wa visa vyao. Nadhani ni nadra sana watu kuacha kuzomea wapiganaji wakamzomea mwandishi.

Kuhusu lile la mpwa wako, mzee, ulipuko wa 2021, mimi naona anachanganya. Pambano lenyewe, Kenny Omega na Jon Moxley, Machi 7, Jacksonville, lilikuwa zuri mno. Nyaya za miiba badala ya kamba, kila mtu akirushiwa pale baruti zinapasuka kweli, moshi, damu. Kilichoharibika ni dakika ya mwisho tu.

---

MzeeWaDeki

Fundi, umenipa somo. Ila hiyo dakika ya mwisho ndiyo iliyoandikwa ubaoni! Mpwa wangu yuko hapa kaninyang'anya simu anataka nieleze, basi nieleze kama alivyonionyesha.

Walitangaza kwamba saa inahesabu dakika 30, ikifika sifuri ulingo mzima unalipuka. Omega akashinda kabla ya muda. Wenzake wakamfunga Moxley pingu, wakamwacha katikati ya ulingo amelala, saa inakimbia. King'ora kinalia. Watangazaji wanapiga mayowe. Hapo akaja Eddie Kingston, ambaye alikuwa hasimu wa Moxley, anajaribu kumburuta, hawezi, muda umeisha, akamlalia kwa mwili wake ili yeye ndiye alipukiwe. Nakuambieni kisa kama hicho ningekuwa nacho 1999, ningenunua banda la pili.

Sifuri. Na kwenye pembe za ulingo zikatoka cheche. Zile za keki. Zile ambazo mtoto anazishika mkononi siku ya kuzaliwa huku anaimbiwa. Moshi kidogo. Kimya.

Na Kingston hakuinuka! Alibaki amelala pale kama maiti. Watu wanamsogelea, anatazama kama aliyetoka vitani. Hapo ndipo mimi nilipomwonea huruma. Alipewa kazi ya kufa kwa bomu, bomu halikuja, akafa hivyo hivyo. Wiki iliyofuata ikabidi aeleze kwamba alipatwa na hofu, kwamba moyo ulimrudisha kwenye mambo ya zamani. Ni bora kuliko mbwa wangu, ambao hawakueleza chochote.

Moxley naye baada ya matangazo aliwaambia mashabiki waziwazi kwamba Omega ni mtu mgumu, lakini kutengeneza ulingo wa kulipuka hawezi. Namheshimu kwa hilo. Mimi pia usiku ule ningesema kitu kama hicho badala ya kujificha nyuma ya deki.

Kitu kimoja tu mpwa wangu hakukijua, nimemwambia sasa hivi: mchezo huo si wa AEW, kampuni iliyoandaa lile la 2021. Wajapani waliuanza. Atsushi Onita, wa kampuni ya FMW, tarehe 4 Agosti 1990, Tokyo, yeye na Tarzan Goto, nyaya za miiba zenye baruti. Kule baruti zilipasuka.

---

MleziWaMbwa (Dar)

Mzee, nimefanya kazi ya mbwa wa ulinzi miaka tisa, kampuni siitaji. Naomba niwatetee hao rottweiler.

Mbwa wa ulinzi hashambulii kwa sababu ni mweusi na ana kichwa kikubwa. Anashambulia kwa mambo mawili: amri ya mtu anayemjua, au eneo analoliona ni lake. Sasa hao wamepelekwa ukumbini kwa mara ya kwanza maishani mwao. Si eneo lao. Kuna taa, kuna maelfu wanapiga kelele pande zote, spika zinatikisa sakafu. Mbwa anayelindwa na kamba ya mlezi wake pale anauliza kitu kimoja tu: tunarudi lini nyumbani?

Nikimpeleka mbwa mpya getini siku ya kwanza, hata awe amefuzu vipi, anafanya vitu vitatu kwa mpangilio. Ananusa. Anajisaidia, ili mahali panuke kama yeye. Kisha anatafuta kivuli alale. Ndicho ulichokiona kwenye mkanda wako, mzee, ila Charlotte hakukuwa na kivuli.

Na kuchanganya dume na jike kwenye uchochoro mmoja bila kuuliza jike yuko katika siku gani, hilo hata mtoto wa mfugaji wa mbuzi angewaambia.

Halafu fikirini upande wa pili. Tuseme wangeleta mbwa wanaong'ata kwelikweli, kwa amri. Al Snow anateremka kizimba cha buluu, anakanyaga uchochoro, mbwa wanne wanamrukia. Refa afanyeje? Nani anawaachisha? Kwa hiyo mwenye onyesho alikuwa na njia mbili tu, mbwa wasiofanya kitu au mwanamieleka anayeshonwa hospitali. Pambano lilikufa siku lilipoandikwa kwenye karatasi. Mbwa hawakuhusika.

---

BintiWaLikoni

Kwa hiyo hata mianzi ni afadhali. Mianzi haina siku zake 😂

Nilisahau, kakangu anasema niwatajie nyumba ya Bray Wyatt, House of Horrors, Aprili 2017. Orton kaingia nyumbani kwa watu, midoli inaning'inia darini, akaangushiwa friji. Friji! Kisha Wyatt akapanda limuzini kwenda ukumbini San Jose kumalizia pambano, mashabiki wamekaa kule muda wote wanatazama skrini. Lakini mimi kumsema Bray siwezi tangu alipofariki, Agosti 2023, na miaka 36 tu. Mawazo yake yalikuwa makubwa kuliko vifaa walivyompa. Tumwache.

---

MswahiliWaMuscat

Mzee wa Deki, wewe umelaumu mbwa, Mlezi kalaumu karatasi. Hakuna aliyemwangalia Boss Man. Mimi nadhani mtu yule alikuwa na mkosi wa vizimba na mapambano ya ajabu, na ninao ushahidi.

Kwanza, Machi 1999, WrestleMania ya 15, Philadelphia. Miezi sita kabla ya mbwa. Boss Man ndani ya Hell in a Cell na Undertaker. Kizimba kile kile kilichokuletea wateja wa Mankind. Pambano baridi, halina mwendo, na mwishoni wale wa kundi la The Brood wakashuka kutoka darini, wakateremsha kitanzi, na Boss Man akanyongwa mbele ya watoto wa watu, kizimba kinapanda naye ananing'inia. Kunyongwa! Halafu baadaye yuko kwenye televisheni anatembea na rungu lake kama kawaida, kana kwamba alikuwa ameenda kukata nywele. Hilo kwangu ni bovu kuliko mbwa, maana mbwa angalau walichekesha.

Pili, rudi nyuma zaidi. Starrcade, Novemba 1986, Atlanta. Road Warriors na Midnight Express wanapigana juu ya jukwaa la mbao lililosimamishwa juu sana juu ya ulingo, kama lile la wapaka rangi wa ghorofa. Unashindwa kwa kuanguka. Wapiganaji wanne juu ya njia nyembamba, wote wanaogopa, kwa hiyo wanatambaa. Lakini lililobaki kwenye kumbukumbu ni meneja wa Midnight Express, Jim Cornette. Alipanda, akafukuzwa, akaning'inia chini ya jukwaa. Chini kulikuwa na mlinzi wake aliyetakiwa kumdaka. Cornette akaachia. Mlinzi hakumdaka, magoti yakaharibika.

Mlinzi huyo aliitwa Big Bubba Rogers. Mnamjua. Baadaye akaenda kampuni ya WWF, wakambadilisha jina, wakampa pingu na rungu: Big Boss Man.

---

MzeeWaDeki

Weee! Hilo la Cornette nilikuwa silijui.

Lakini Muscat, Boss Man usiniguse sana. Nilimpenda yule. Kabla ya mieleka alikuwa askari magereza kweli, Georgia, na ukimwangalia anavyoshika rungu unaona mtu aliyelizoea. Mtu mkubwa mno na alikuwa anakwenda kama kijana. Amefariki 2004. Mimi nadhani walikuwa wanampa vile kwa sababu walijua hatakataa. Mtu akikubali kila kazi, ndiye anayepewa kazi zote mbovu. Kule bandani nilikuwa na kijana wa namna hiyo, ndiye aliyekuwa anapanda juu ya paa kushika antena wakati wa mvua.

Hilo la kunyongwa nililionyesha. Wateja hawakudai hela, ila mama mmoja alikuja kesho yake asubuhi kuniuliza nimemwonyesha nini mwanawe, hajalala. Nikamwambia yule bwana mzima, mama, wiki ijayo njoo umwone. Akaja kweli! Akakaa benchi la mbele, akamwona Boss Man anatembea, akanikazia macho, akaondoka na mwanawe.

Mpwa wangu anauliza hukumu. Nimemwambia ngoja kwanza.

---

Kisiki255

Mzee nimekaa nasoma huu uzi tangu mchana, nimeenda kuwatafuta hao mbwa. Samahani kwa ile ya mwanzo. Wanapandana kweli.

---

MkwajuNaSodo (Tanga, sasa Arusha)

Shikamoo mzee. Banda lako lilikuwa jirani na fundi baiskeli mwenye redio kubwa, si ndiyo? Na turubai la nyuma lilikuwa la kijani, lina kiraka cha gunia upande wa kulia, chini.

Usiku wa mbwa nilikuwemo. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Tulikuwa watatu, mimi na wadogo zangu wawili. Hatukupita mlangoni. Kile kiraka kilikuwa kimeshonwa kwa uzi wa nailoni, ukivuta ncha kinafunguka, ukipita unakirudishia. Tulikuwa tunakitumia tangu wakati wa Mankind.

Watu walipoanza kudai hela zao sisi tulitaka kukimbia, lakini njia ya turubai ilikuwa imezibwa na watu, tukasukumwa mpaka mbele, tukajikuta kwenye foleni. Ukatutazama, ukatupa mia moja kila mmoja, ukasema "samahanini wanangu." Tulinunua mihogo na chachandu, tukala mpaka tumbo likauma.

Mimi nadhani ndiyo ile mia tatu yako.

---

MzeeWaDeki

Marahaba.

Kiraka nilikijua. Nilidhani ni panya.

Arusha uko wapi, na namba yako ya kutumia hela ni ipi? Usinitumie hapa hadharani, niandikie pembeni. Mia tatu ya mwaka 2000 sitaki irudi mia tatu. Na ule wa Mankind tutauhesabu peke yake.